Pimbi Aliyebeba Chumvi ya Mbio

Zamani hizo, watoto, enzi ambazo fisi alikuwa bado hajajifunza kucheka, wanyama walikuwa na nyumba zao, na majiko yao, na majirani wa kuwasengenya. Sogeeni basi. Wewe hapo nyuma, acha kumfinya mwenzio. Hadithi hii ina mbio ndani yake, ukipitwa shauri yako.

Katika kijiji cha Jabalini aliishi Pimbi mmoja, mwanamke mdogo, mnene, miguu mifupi hata ungedhani mingine ameisahau nyumbani. Jina lake Siwema. Kazi yake ilikuwa kupepeta mtama wa watu. Na kitu alichokipenda kuliko vyote duniani kilikuwa kukimbia.

Msicheke! Nimesema alipenda kukimbia, sijasema alikuwa na kasi.

Sasa, kila mwaka baada ya mavuno, Jabalini kulikuwa na mbio. Wanyama waliteremka mpaka Ziwa la Chumvi, wakalala huko, na asubuhi wakakimbia kurudi kijijini kwa barabara ya vumbi, kona baada ya kona, mlima baada ya mlima. Aliyekimbia alibeba chumvi mpya ya mwaka. Ndiyo ilikuwa maana yake tangu mwanzo, kwamba chumvi ifike nyumbani.

Kwenye uwanja wa soko kulichorwa mstari wa majivu. Kando ya mstari palikuwa na ngoma kubwa, iliyopigwa tangu wa kwanza afike, na juu ya nguzo alikaa Hondohondo, ndege mwenye sauti ya kupasua masikio. Kila aliyevuka mstari, ngoma ilimlilia, du! du! du! na Hondohondo akapaza sauti: "Fulani mwana wa fulani amefikaaa!"

Na katikati ya uwanja kulikuwa na chungu cha Bi Ngiri. Lo, chungu hicho! Kunde, mihogo, majani ya maboga, vyote vikitokota pamoja. Lakini chungu cha mbio hakikutiwa chumvi ya zamani hata punje. Kilingoja chumvi mpya. Ikishafika na kutiwa, Bi Ngiri alifunua chungu, na chungu kikishafunuliwa, ngoma ilinyamaza na Hondohondo akashuka kula. Hayo yalikuwa mapokeo, na hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Siwema alikuwa amekimbia mara tatu.

Mwaka wa kwanza alitoka mbio kama wenzake, pa-pa-pa-pa, akijiona ana mabawa. Kwenye mlima wa kwanza kichomi kikamshika ubavuni. Akatembea, akakaa, akainuka, akatembea. Alipofika uwanjani alikuta nzi.

Mwaka wa pili alijifunza. Alikimbia kila alfajiri kabla ya kushika ungo, polepole, akihesabu pumzi. Siku ya mbio alifika kwenye kona ya mwisho, pale penye mwamba mwekundu, akaisikia ngoma. Du! du! du! Moyo ukamruka. Akakaza mwendo. Ngoma ikakatika.

Mwaka wa tatu aliwakuta wanajifuta midomo. Hondohondo alimtazama, mdomo umejaa muhogo, akasema, "Ah! Kumbe na Pimbi ulikuwemo?" Basi. Hayo tu ndiyo aliyoambiwa baada ya kukimbia njia nzima na malengelenge mawili kila mguu.

Mama yake, Mwajabu, naye alikuwa amekimbia mbio zile ujana wake wote, mpaka magoti yalipomkatalia. Hakuitwa hata mara moja. Jioni, wakipepeta pamoja, alikuwa akisimamisha ungo ghafla na kusema, "Nilikuwa naisikia mpaka kwenye kona, mwanangu. Nikifika kona, inanyamaza." Kisha anaendelea kupepeta.

Mwajabu alifariki msimu wa mvua uliopita. Tangu hapo, Siwema akiwa peke yake, alikuwa akiugeuza ungo na kuupiga kwa vidole, du, du, du, taratibu majirani wasisikie, na kunong'ona, "Siwema binti Mwajabu amefika." Halafu anaona haya, anaurudisha mtama kwenye ungo. Alitamani jambo hilo kuliko chakula. Mara moja tu, alijiambia. Mara moja tu ngoma imkute barabarani, na jina la mama yake lisikike uwanjani.

Mwaka wa nne, kabla ya mbio, kukawa na mkutano. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nyati, mwenye pembe pana na hasira za karibu.

"Jambo ni moja," alisema Mzee Nyati. "Chumvi ataibeba nani?"

"Mimi!" alisema Mbuni. "Mimi ndiye wa kwanza kila mwaka. Miaka yote nimeibeba mimi."

"Na miaka yote imefika nusu!" alifoka Bi Ngiri, mwiko mkononi. "Unaidonoa njiani, ko! ko! ko! Ndiyo maana mwaka jana tukampa Mzee."

Watu wakaanza kutazama chini. Mzee Nyati akakohoa.

"Na Mzee," Bi Ngiri aliendelea, maana hakuwa mtu wa kuogopa pembe, "alifika na mkoba mtupu na ulimi mweupe!"

"Ilikuwa inayeyuka kwa jasho," alisema Mzee Nyati.

"Jasho la ulimi! Tukala chapwa, na wageni wapo!"

Hapo ugomvi ukalipuka. Pofu, yule mkubwa wa swala, akasema apewe yeye, wakamzomea. Punda Milia akasema apewe yeye, wakamzomea zaidi. Kila mmoja alimjua mwenzake, na kila mmoja alijijua. Hakuna mnyama mkubwa pale ambaye angepewa chumvi asiirambe.

Ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Shikamoo Mzee Nyati."

"Marahaba. Nani huyo? Simama tukuone."

"Nimesimama, Mzee."

Wakacheka, kwa! kwa! kwa! Siwema akangoja wamalize.

"Mimi chumvi siiwezi," alisema. "Inaniwasha ulimi. Hata kwangu napika bila. Kama mnaona inafaa, nitaibeba mimi. Itafika nzima."

Uongo mtupu, watoto! Siwema alipenda chumvi mpaka alikuwa akiramba kuta. Lakini aliusema ametulia, macho makavu.

Wakubwa wakatazamana. Harambi. Hadokoi. Hana nguvu ya kuiba. Wakaona wamepata dawa. Mzee Nyati akapiga kwato chini, tu! "Imepita! Chumvi ataibeba Pimbi."

Na hakuna hata mmoja, nawaambieni, hata mmoja, aliyejiuliza Pimbi hufika saa ngapi. Wangejuaje? Hawakuwahi kugeuka kumwona akifika.

Siku ikawadia. Kule ziwani, Mzee Nyati alimkabidhi bonge la chumvi, jeupe, zito, kubwa karibu kama kichwa cha Pimbi mwenyewe. Siwema akalifunga kwenye kitambaa, akalizungushia kanga, akalibeba mgongoni kama abebavyo mama mtoto. Ukimtazama, ungesema amembeba kitinda mimba wake.

"Tayari?" akaguruma Mzee Nyati. "Haya!"

Tifu! Vumbi likapanda juu. Kwato, makucha, mikia, wote wakaondoka kwa kishindo. Vumbi lilipotulia, barabara ilikuwa tupu, na Siwema alikuwa pale pale alipokuwa, anapiga chafya.

Akaanza. Ti-ti-ti-ti. Pumzi mbili ndani, pumzi mbili nje. Mlima wa kwanza akaupanda bila kusimama, na kichomi hakikuja. Kwenye mlima wa pili jua lilikuwa limekwisha kumpata. Jasho likashuka mgongoni, likaingia kwenye kanga, likatoka na chumvi, na ile harufu ikampanda puani. We! Ulimi wake ukajaa mate.

"Kidogo tu," ulimi ukasema.

"Hata punje," akajibu.

"Nani atajua?"

"Nikilipunguza leo, mwakani watampa mwingine. Nyamaza tukimbie."

Ti-ti-ti-ti. Alikuwa peke yake kabisa. Huo ndio ugumu wa kuwa nyuma, watoto. Miguu inauma kwa wote, wa mbele na wa nyuma, lakini wa nyuma hana hata mgongo wa mwenzake wa kuutazama. Siwema aliyaona tu mashimo ya kwato zilizokwisha pita, na kila alipoyakanyaga alimkumbuka mama yake, ambaye aliyakanyaga haya haya miaka yote. Alimkumbuka sana. Akakimbia hivyo hivyo.

Alipomaliza mlima wa tatu, akaona vumbi likija. Si la kwenda. La kuja!

Pa-pa-pa-pa! Alikuwa Mbuni.

"We Pimbi!" Mbuni alifunga breki mbele yake, shingo inapepesuka. "Unafanya nini huku?"

"Nakimbia, kaka."

"Huku ndiko kukimbia? Watu wamefika zamani! Chungu kinatokota, Bi Ngiri amesimama mbele yake na mwiko, hataki hata tukinuse! Anasema bila chumvi hapakui. Wenzangu wamelala chini, hakuna anayeweza kunyanyuka, nimetumwa mimi. Lete chumvi!"

Moyo wa Siwema ukapiga, puu! Akimpa, Mbuni angefika kwa hatua chache, chungu kingefunuliwa, na ngoma ingenyamaza. Yote yangekuwa kama mwaka jana. Akaupapasa mgongo wake polepole.

"Shhh," akasema. "Taratibu kaka. Mtoto amelala."

Mbuni akarudi nyuma hatua moja. "Mtoto? Umekuja mbioni na mtoto?"

"Nimwache na nani? Ndiyo sasa hivi amepata usingizi. Alilia tangu ziwani, waaa, waaa! Ukimwamsha, utambembeleza wewe."

Mbuni aliogopa vilio vya watoto kuliko simba. Akashusha sauti. "Sasa chumvi iko wapi?"

"Mtoto mgongoni na chumvi juu, ningeweza? Nilimpa Kakakuona. Yuko nyuma."

"Kakakuona anakimbia mbio hizi?"

"Kila mwaka."

"Mbona sijawahi kumwona?"

"Kaka Mbuni," alisema Siwema, na hapa sauti yake haikuwa ya mzaha hata kidogo, "wewe umewahi kumwona nani aliye nyuma yangu?"

Mbuni akafikiri. Alijaribu kumkumbuka mtu yeyote aliyefika baada yake, baada ya chungu, baada ya kushiba. Hakumpata hata mmoja.

"Ni kweli," alisema. "Nyuma kabisa?"

"Nyuma kabisa. Labda bado yuko ziwani. Unajua anavyojikunja akichoka."

"Ala! Nimpate huyo!" Na Mbuni akaondoka, pa-pa-pa-pa, kurudi ziwani, akiacha mlima wa vumbi.

Siwema alimtazama mpaka akapotea. Akaona huruma kidogo. Kisha akageuka, akaendelea, ti-ti-ti-ti.

Akaikaribia kona ya mwamba mwekundu. Hapo miguu yake ikawa mizito, na si kwa kuchoka. Aliogopa. Akasimama kabla ya kona, akatega sikio. Kimya. Upepo tu. Machozi yakamlenga.

"Basi," alisema. "Wamekula chapwa. Wamechoka kungoja."

Lakini akapiga hatua moja. Akapiga nyingine. Akaizunguka kona.

Du! du! du!

Ilikuwa inalia! Mpigaji alikuwa amechoka, ilikuwa inalia kivivu, lakini inalia. Siwema akaruka juu. Hakuhesabu pumzi tena. Tititititi!

"Huyooo!" mtu alipiga kelele uwanjani. "Huyo anakuja!"

"Pimbi! Kaza!"

"Usitembee! Inua miguu, dada!"

"Njoo mama! Njoo!"

Uwanja mzima ulikuwa umesimama, pembe, mashingo, masikio, wote wamemkodolea macho yeye. Matumbo yao yalikuwa yananguruma, nguru, nguru, hata yeye aliyasikia. Siwema alijua wanaishangilia chumvi. Alijua vizuri sana. Akafurahi hata hivyo, akafurahi mpaka mwili ukasisimka.

Hatua tatu zikabaki. Mbili. Moja. Hondohondo akajinyoosha juu ya nguzo, akasema haraka haraka, "Haya Pimbi amefika lete chumvi!"

Siwema akasimama. Kidole cha mguu hakikuugusa mstari.

"Ebo!" alifoka Mzee Nyati. "Vuka!"

"Sijaitwa, Mzee."

"Ameita! Amesema Pimbi!"

"Pimbi tuko wengi."

"Chumvi iko wapi?"

"Ipo. Nikivuka mtaipata. Nikiitwa nitavuka. Kila mtu huitwa jina lake na la mzazi wake, au mapokeo yamebadilika leo?"

Hapo Mzee Nyati akatazama kwato zake, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwahubiria wengine mapokeo. Hondohondo akajikuna shingo. Akainama kutoka juu ya nguzo, akauliza kwa aibu, "Samahani dada. Jina lako nani?"

Miaka minne! Amewapepetea mtama wote wale, na anaulizwa jina.

"Siwema."

"Binti nani?"

"Binti Mwajabu."

Bi Ngiri akashusha mwiko wake. "Mwajabu," alisema polepole. "Mwajabu alikuwa akikimbia. Nilikuwa namwona anapita nikiwa naosha chungu."

Hondohondo akavuta pumzi mpaka kifua kikamtuna.

"Siwemaaa! Binti Mwajabuuu! Amefikaaa!"

Du! du! du!

Siwema akavuka mstari. Sauti ile ilipanda juu ya paa za soko, ikagonga majabali, ikarudi: Mwajabuuu. Akasimama katikati ya makelele, akageuza uso huku na huku, anamtafuta mtu mmoja tu kati ya wote wale. Alijua hayupo. Alimtafuta tu. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Haya sasa, chumvi!" wakalia wote.

Siwema akafungua kanga, akamshusha mtoto wake, akamvua nguo. Bonge jeupe, zima, halina hata alama ya ulimi!

"Lo! Salale!" alisema Mzee Nyati. "Muda wote ilikuwa mgongoni? Na Mbuni je?"

"Nilimwambia ni mtoto amelala. Yuko ziwani, anamtafuta Kakakuona."

"Umetudanganya! Umetuchelewesha makusudi!"

"Sikuchelewa, Mzee. Leo nimekimbia kuliko miaka yote. Mwendo wangu ndio huu. Ila leo mmeungoja."

Mzee Nyati akainua kwato la hasira. Pengine angelishusha, lakini Bi Ngiri alikwisha inua mfuniko kidogo na kulitumbukiza bonge chunguni, chubwi! Akakoroga, akaonja, akafumba macho, akafunua mfuniko wote. Harufu ikatoka. Basi, nani tena alikuwa na nafasi ya kugomba? Ngoma ikanyamaza, Hondohondo akashuka, na kilichosikika ni kutafuna tu.

Siwema naye akapewa bakuli lake, limejaa. Akala kijiko kimoja. Cha pili kikamshinda kumeza. Aliwatazama wenzake wote, wameupa mgongo mstari wa majivu, na barabara ile haina anayeitazama. Akaweka bakuli chini, akaenda kusimama mstarini.

Akangoja. Jua lilikuwa limeshuka kwenye majabali ndipo Mbuni alipotokea. Hakuwa yule wa asubuhi. Manyoya yamejaa vumbi, shingo imelegea, mguu mmoja anauburuta. Pa... pa... pa... Aliuona uwanja, akaiona migongo ya watu, akausikia ule ukimya. Akapunguza mwendo, kama asiye na uhakika kwamba ndipo penyewe.

Alipomwona Siwema, shingo ikasimama kwa hasira. Akainua mguu. Teke la Mbuni, watoto, linamwangusha simba!

Siwema hakukimbia. Aliunyanyua mkwiro wa ngoma kwa mikono miwili, maana ulikuwa mkubwa kwake, akapiga. Du! du! du! Na kwa ile sauti yake ndogo akaita, "Mbuni Makame! Mwana wa Shomari! Amefika!"

Mguu wa Mbuni ukabaki hewani. Ukashuka taratibu. Akauvuka mstari, akaketi chini, puu, kando ya Pimbi.

"Huko nyuma hakuna mtu," alisema.

"Najua, kaka."

"Ni kimya sana huko nyuma. Nilidhani mmenisahau."

"Najua, kaka," alisema Siwema. Akamsogezea bakuli lake.

Hadithi imeishia hapo, na neno lake ni hili: anayefika wa mwisho naye amekimbia njia ile ile, basi mngojeni, mumwite kwa jina lake.